Hodi ya Tingatinga

Ilikuwako nchi. Mimi sikuzaliwa huko, wala wewe hukuzaliwa huko, kwa hiyo tuzungumze kwa amani. Nchi hiyo ilikuwa na Mlezi Mkuu wa Taifa, ilikuwa na Wizara ya Ukarabati na Kumbukumbu, na katikati ya mji wake mkuu ulikuwako mtaa mkongwe uitwao Chokaani. Nyumba zake ni za mawe na chokaa, milango ni mbao nzito zilizochongwa maua, na mbele ya kila mlango pana baraza ya kukalia. Juu ya kila baraza walikaa watu wakiisema serikali tangu alasiri hadi magharibi. Hilo la mwisho, nakuapia, halikuhusiana hata kidogo na uamuzi wa kuubomoa mtaa.

Mtaa ulibomolewa ili uhifadhiwe. Usicheke. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Dumbani, alilieleza jambo hilo kwenye redio kwa saa nzima, na waliomsikiliza mpaka mwisho walikubali kwamba wamechoka.

Katika mtaa huo aliishi Bi Mize Khatibu, mjane, mshonaji wa kofia za mkono, mama wa mtoto mmoja. Mtoto huyo, Khelef, alikwenda kutafuta kazi migodini, huko bara ya mbali, akiwa kijana wa ndevu za kwanza. Mwanzo barua zilikuja, kisha zikaja kwa kusitasita, kisha kimya. Simu yake ilikuwa haipatikani mpaka mama akaacha kupiga. Watu walimwambia Bi Mize ahamie kwa nduguze, nyumba kubwa ile ya nini peke yake? Yeye akajibu, "Mwanangu anaujua mlango huu tu. Akija asiukute, atanitafuta wapi?" Basi. Hakuwa na siasa nyingine, maskini, zaidi ya hiyo.

Sasa sikiliza mambo ya wakubwa. Wafadhili wa ng'ambo walikubali kugharimia maduka na hoteli ya ghorofa pale Chokaani, kwa sharti kwamba urithi wa utamaduni wa wenyeji ubaki. Waziri akaunda kamati, akaipa kazi ya kutafuta urithi ulio mwepesi kuuhifadhi. Milango? Mizito, inataka ghala. Ngoma? Wapigaji wake wana tabia ya kula. Nyumba? Nyumba ndizo zilizokuwa njiani. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikakwama. Ndipo mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia akashtushwa na mhudumu aliyebisha mlango, akaropoka, "Hodi!"

Ukumbi mzima ukasimama. Hodi! Haina uzito, haipakwi rangi, haili, haipati kutu. Wajumbe walikumbatiana. Ikatungwa Sheria ya Kuhifadhi Hodi, nayo ilisema hivi: Mtu yeyote, na chombo chochote cha serikali, hakiingii nyumba ya Chokaani ila kwa hodi. Hodi ni tatu. Anayejibiwa ameingia kwa halali. Asiyejibiwa ageuke arudi alikotoka, aje siku nyingine. Mlezi Mkuu alitia sahihi mbele ya kamera, na Profesa Dumbani akapaza sauti, "Ndugu wananchi, kuanzia leo hata tingatinga litapiga hodi!"

Watu wa Chokaani walishangilia, wakapika pilau. Kijimstari cha mwisho kilichoandikwa kwa herufi za kumkodolesha mtu macho hakikusomwa na mtu. Kilisema kwamba mwenye nyumba atakayejibu karibu atahesabiwa ameyakaribisha maendeleo, na nyumba yake pia.

Asubuhi ya kazi alikuja Bwana Kitogo. Cheo chake kilikuwa Mbisha Hodi Mkuu wa Wilaya, na alikuwa amesomea. Kulikuwa na chuo. Mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani, sauti yake laini kama ya anayekuja kuazima chumvi. Nyuma yake liliunguruma tingatinga la manjano.

"Hodi, wenyewe!" akaita kwenye nyumba ya kwanza.

"Karibu!" ikajibu nyumba ya kwanza.

Ungewalaumu? Mtu wa Chokaani akisikia hodi, ulimi humtangulia akili. Amenyonya hivyo, amekua hivyo. Kuacha hodi bila jibu kwao ni kama kumtemea mtu mate usoni. Nyumba ya pili ikajibu karibu, na chai ipo. Mzee Usi alijibu akiwa chooni, "Karibu, nakuja!" Akatoka na kopo mkononi, akakuta sebule yake imekuwa uwanja. Ilipofika adhuhuri watu walikwisha kujua, wakawa wanakimbia mitaani wakiambizana, "Msiitikie! Jamani, msiitikie!" Lakini kujua ni jambo moja, na mdomo ni jambo jingine.

Bi Arafa, jirani na shoga wa Bi Mize tangu utotoni, aliapa kwamba yeye hawampati ng'o. Akajifunga leso kinywani, akajilaza kungoja. Leso ikalegea, usingizi ukampitia, na hodi ilipopigwa akaitikia ndotoni. Alitoka analia, anajipiga makofi ya midomo. "Mdomo wangu huu, Mize! Mdomo wangu huu nitaukata niwape paka!"

Bi Mize aliyasikia hayo kutoka ndani. Koo lilimkauka, akainua kata anywe maji mtungini. Maji yako kinywani, ndipo mlango wake ukagongwa.

"Hodi, wenyewe!"

Karibu ilimtoka, naam, lakini ilitoka kwa povu. Maji yakamwagika kifuani, shingoni, mpaka kwenye kofia aliyokuwa akishona. Nje, Bwana Kitogo alitega sikio. Akapiga ya pili, na Bi Mize kwa hofu akapiga funda jingine, mashavu yakamtuna. Akapiga ya tatu. Kimya. Dereva wa tingatinga akauliza kama povu si jibu. Kitogo akaifikiria sheria kwa uaminifu mkubwa, kisha akatikisa kichwa. "Povu si neno. Tutarudi."

Tangu siku hiyo Bi Mize aliishi na maji. Mtungi mmoja mlangoni, kata kitandani, gilasi pembeni ya sindano na uzi. Akisikia kishindo cha viatu nje, funda! Alijifunza kupiga funda gizani, akiwa amesujudu, akiwa usingizini nusu. Mashavu yakaota misuli. Nyumba nyingine zikaendelea kuanguka moja moja, mpaka ikabaki yake peke yake katikati ya vifusi, imesimama kama jino la mwisho. Majirani walipelekwa Makazi Mapya ya Furaha, mbali sana, kwenye nyumba za kisasa zenye kengele za umeme, ambako hakuna tena haja ya mtu kusema hodi.

Wizara haikukata tamaa. Iliongeza kanuni: si karibu tu, neno lolote litakalotoka ndani baada ya hodi litahesabiwa karibu. Kuuliza "nani?" ni karibu. Kukohoa kulipelekwa kwa wanasheria. Kufungua mlango ni karibu mbili. Halafu ikatundika bango kubwa lililofunika mbele ya nyumba yote ila mlango, lenye picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu na maandishi TUNAHIFADHI. Bi Mize akichungulia dirisha la mbele ili aone nani yuko mlangoni, aliona upande wa nyuma wa sikio la Mlezi Mkuu. Likabaki dirisha dogo la ubavuni, ambalo halioni mlango, linaona vifusi tu.

Bi Arafa alikuja kutoka Furaha na bakuli la wali wa nazi. Hodi hakuthubutu kusema, asije akamponza mwenzake. Akasukuma mlango akaingia kimyakimya. Alipotoka, polisi wakamdaka barazani. Kosa: kuingia nyumba ya Chokaani bila hodi na kuudhalilisha urithi wa taifa.

"Hii nyumba ya shoga yangu!" akapiga kelele. "Nimeingia humu tangu sijaota meno!"

"Tangu hujaota meno urithi ulikuwa haujahifadhiwa," akajibu polisi, na akamchukua. Alipoachiwa, akawa anakuja ubavuni, na Bi Mize anateremsha kikapu kwa kamba. Sheria ilikuwa haijalifikiria dirisha.

Kitogo naye alikuja kila siku, na kila siku na sauti mpya. Alikuja na sauti ya tarishi. Alikuja na sauti ya bwana wa umeme, ya mama mwenye uchungu wa kuzaa, ya mtoto anayelilia maji. Siku moja alipiga hodi ya msiba, ile ya kuvuta, yenye kwikwi, "Hodi, jamani, tumefiwa..." Bi Mize alilia sana siku ile. Alilia amesimama nyuma ya mlango, mashavu yametuna, machozi yanapita juu ya mashavu na maji yako ndani yake. Hakujua nani amekufa wala kama amekufa mtu. Tatu zilipokwisha akasikia viatu vinaondoka, akatema maji, akajiona mshenzi.

Ulikuwa ni upweke uliomponza, si ulimi. Alasiri moja Kitogo alikuja bila tingatinga, akaketi juu ya kifusi chini ya dirisha la ubavuni. Hakusema hodi. Alisema, "Bi Mize, shikamoo."

Mtu akiamkiwa ataacha? Dirisha si mlango. "Marahaba, Bwana Kitogo."

"Mimi nami nina mama," Kitogo akasema, akavua miwani. "Kazi hii, wallahi, naifanya tu. Huchoki peke yako humo?"

Wakazungumza. Mwenzangu, mtu ambaye hajazungumza na mtu ila kikapu, unadhani atasema machache? Kitogo akauliza ya kofia, akauliza ya marehemu mume, kisha polepole akauliza ya mtoto. Hapo uso wa Bi Mize ukafunguka. Akamsimulia Khelef alivyokuwa mtundu: akirudi chuoni, nyumbani kwao wenyewe, hukwaruza mlango kwa ukucha kisha hubisha kama mgeni mkubwa, "Hodi hodi, wa ndani na wa uvunguni!" Bi Mize aliiga ile sauti, akacheka mpaka akashika ubavu. Alipoacha kucheka akamwona Kitogo amekwisha kuvaa miwani, na midomo yake inarudia jambo kimya kimya.

"Toba," akasema Bi Mize. "Nimefanya nini?"

Akafunga dirisha. Kuanzia hapo hakulala vizuri. Alijua kitakachokuja na alijua kitakuja na sauti gani, ila hakujua siku.

Zikapita siku nyingi za kimya. Kitogo haonekani, tingatinga limezimwa, hata Bi Arafa akasema huenda wamechoka. Bi Mize hakuamini. Alikuwa anapenyeza uzi kwenye tundu la sindano aliposikia viatu. Funda! Akasimama nyuma ya mlango.

Ukucha ukakwaruza mbao, nje, pale chini penye ua la kwanza.

"Hodi hodi, wa ndani na wa uvunguni."

Sauti ilikuwa nzito kuliko aliyoijua, imechakaa, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule. Ndiye. Siye. Kitogo alisomea chuoni sauti za watu wote, atashindwa na moja? Na ameifundishwa na nani, kama si yeye mwenyewe mjinga mkubwa, kwa kicheko? Akakimbilia dirisha la mbele, akaona sikio la Mlezi Mkuu. Akarudi. Maji yalianza kupata joto kinywani.

"Hodi hodi." Ya pili. Ukucha tena. "Wa ndani na wa uvunguni."

Akauegemea mlango kwa mikono yote miwili. Akisema, na akawa ni Kitogo, mlango umekwenda, na Khelef akija kesho atakuta hoteli. Asiposema, na akawa ni Khelef, ataondoka. Ataondoka kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha hivyo, tena kwa fimbo: mara tatu, mwanangu, usipojibiwa geuka urudi, usiwachungulie watu. Mtoto alishika adabu. Angegeuka na mkoba wake na asingerudi tena, akijua mama amemsikia na amenyamaza. Bi Mize alitaka kupiga kelele. Alitaka kuuma mbao. Nje mtu akavuta pumzi, akaivuta kama mtu aliyechoka na safari.

"Hodi..." Ya tatu, na safari hii haikumaliziwa.

"Na nyumba hii," Bi Mize akajiuliza, "namwekea nani?"

Akayameza maji.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu. Karibu!"

Mlango ukafunguka, na aliyeingia kwanza alikuwa Bwana Kitogo, mikono nyuma, macho chini. Bi Mize akarudi nyuma, akaushika mtungi. Kisha Kitogo akajisogeza pembeni. Nyuma yake alisimama mwanamume mwembamba, mvi kidogo ndevuni, mkoba begani.

"Mama," akasema Khelef. "Wameniambia unaumwa, tena huamini mtu ila sauti yangu."

Alikuwa ndiye. Serikali iliyoshindwa kumpata miaka yote ambayo mamake aliomba kila ofisi imtafute, ilimpata kwa wiki moja ilipomhitaji. Bi Mize alimshika uso, akamshika masikio, akamnusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga. Walipotoka nje wameshikana, tingatinga lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Khelef alipoelewa, alimrukia Kitogo, polisi wakamzuia. Akageuka kwa mamake analia waziwazi. "Nimekuja kukuvunjia nyumba, mama! Miaka yote hii, halafu nimekuja kukuvunjia nyumba!"

"Nyamaza wewe," akasema Bi Mize, huku kuta zinakwenda chini na vumbi la chokaa linawapaka wote weupe. "Ilikuwa ya kukungojea. Nimemaliza kukungoja." Alisema hivyo, lakini mlango wake ulipong'olewa alifumba macho.

Mlango huo haukutupwa. Wafadhili walikuwa wanakuja kuukagua urithi, na pakaonekana pana tatizo dogo: pale Chokaani hapakuwa tena na mtu wa kubisha wala wa kubishiwa. Kwa haraka yakajengwa Makumbusho ya Taifa ya Hodi, ya saruji na vioo, yakapachikwa mlango wa Bi Mize mbele. Ndani akahitajika mtu wa kuitikia. Kitogo akatumwa Furaha, akamkuta mama na mwana wamejibanza chumba kimoja kwa Bi Arafa.

"Cheo ni Mwitikiaji wa Taifa," akaeleza. "Kuna chumba cha nyuma, utakaa wewe na mwanao. Makumbusho yametangazwa kuwa nyumba ya Chokaani kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo mambo yote ni yale yale ya hodi. Kazi yenyewe ni neno moja tu."

"Usikubali, mama," akasema Khelef.

Bi Mize aliiweka chini kofia aliyokuwa akishona. "Neno moja?" akauliza kwa upole. "Hilo mimi naliweza."

Siku ya ufunguzi palipigwa tarumbeta, pakatandikwa mazulia, mabalozi wakakaa kivulini, wafadhili wamepewa kila mmoja kijitabu cha Sheria. Profesa Dumbani alihutubia. "Mabibi na mabwana, wenye wivu walisema tumebomoa! Tazameni! Nyumba ni mwili tu, hodi ndiyo roho, na roho tumeikamata!" Redio ya taifa, isiyopenda kuchelewa na habari, ilikuwa imekwisha kutangaza tangu asubuhi kwamba Mlezi Mkuu ameingia Makumbusho na amefurahi.

Kisha Mlezi Mkuu mwenyewe akapanda ngazi, akasimama mbele ya ule mlango wa maua, akatabasamia kamera.

"Hodi!"

Ndani, Khelef alimgeukia mamake. Mama alikuwa amesimama wima katika sare yake ya kijani, gilasi tupu mkononi, mashavu yametuna.

Nje tabasamu lilingoja. Waziri akakohoa. Kitogo, jasho linamtiririka, akainama kwenye tundu la ufunguo. "Bi Mize, nakusihi. Nina watoto."

"Hodi!" Ya pili ilitoka kubwa. Mtu huyu hajawahi kuita asiitikiwe tangu ashike nchi. Hata mwangwi ulimjibu kwa adabu. Walinzi wakatazamana. Mkono wa mmoja ukaelekea kwenye kitasa, lakini mfadhili mmoja mzee wa mstari wa mbele alikuwa amefungua kijitabu na anafuata kwa kidole, na yule mlinzi akaurudisha mkono mfukoni. Khelef alisikia kila pumzi ya nje. Alijua, kama ujuavyo wewe, watu wanaomnyamazia Mlezi Mkuu hupelekwa wapi. Akasogea, akasimama mbele ya mamake.

"Hodi," akasema Mlezi Mkuu mara ya tatu. Safari hii aliisema chini chini, na ilisikika kana kwamba anaomba.

Kimya.

Yule mfadhili mzee akafika mwisho wa mstari, akafunga kijitabu, akasimama, akapiga makofi. Wenzake wakafuata, kisha mabalozi. Hawajapata kuona urithi uliohifadhiwa kiasi hiki! Kiongozi wa nchi nzima ananyimwa mlango na anageuka! Maana aligeuka. Sheria ilikuwa na sahihi yake, na kamera zilikuwa na macho. Alishuka ngazi akitabasamu meno yote, na tarumbeta zikapigwa haraka.

Usiku huo wizarani walitaka kumtoa yule mwanamke. Lakini kumwingilia bila hodi ni kosa, kwa hodi haitikii, na kuibadilisha sheria kunataka kwanza kueleza kwa nini. Ya nini kueleza, na Mlezi Mkuu aliingia? Redio ilisema aliingia, tena alifurahi. Jambo lisilotokea haliwezi kurekebishwa. Bwana Kitogo alipandishwa cheo akapelekwa mbali, na Makumbusho yakaachwa yalivyo.

Yapo mpaka leo, kati ya hoteli na maduka. Watalii hubisha, hawajibiwi, huondoka wamefurahi mno. Kwenye dirisha la ubavuni kuna kamba na kikapu. Na kila magharibi, barabara ikitulia na hakuna sare karibu, mwanamume mwenye mvi ndevuni hurudi kutoka kazini, hukwaruza ubao kwa ukucha, akauliza waliomo ndani na waliomo uvunguni.

Mle ndani mtu huyameza maji.

"Karibu, mwanangu," husema. "Ingia upesi, ufunge mlango."